Damu Kwanza, Kidonge Baadaye

Wagonjwa ambao valvu zao za moyo zimeshambuliwa na bakteria mara nyingi hutufikia wodini wakiwa wameshapita kwingine. Mmoja alianzia kwa madaktari wa ubongo, kwa sababu mkono wake wa kulia ulilegea ghafla akiwa kazini. Mwingine alilazwa kwanza kwa ajili ya figo. Wa tatu, fundi makenika wa makamo, alitibiwa mgongo kwa miezi: akapigwa picha, akapewa mkanda wa kiunoni, na kila jioni anatetemeka kwa homa ambayo hakuna aliyeihusisha na mgongo. Mimi ni muuguzi. Miaka yangu mingi ya kazi nimeitumia kwenye wodi ya wagonjwa wa moyo hapa Dar es Salaam, na ukiniuliza ni ugonjwa upi unanikosesha usingizi kuliko mingine, nitakutajia huu. Makao yake ni moyoni, lakini dalili zake huibukia kichwani, kiunoni, kwenye mkojo, hata kwenye nyayo za miguu.

Moyo una valvu nne, milango myembamba inayofunguka na kufunga kila moyo unapodunda, yaani mara laki moja hivi kwa siku, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Valvu nzima ina uso laini, na bakteria wanaopita kwenye damu hawapati pa kushika. Kupita wanapita, tena kila siku. Ukipiga mswaki au ukitafuna kitu kigumu fizi zikiwa mbovu, wachache huingia kwenye damu, na mwili huwamaliza bila wewe kusikia lolote. Mambo hubadilika valvu ikiwa na kovu. Damu hupita pale kwa msukosuko na kuichubua, chembe za kugandisha damu hukusanyika kwenye mchubuko, na bakteria anayepita hunasa humo. Akishanasa huzaliana, tabaka jingine la damu iliyoganda humfunika, na askari wa mwili hawamfikii kwa urahisi kwa kuwa valvu yenyewe karibu haina mishipa ya damu. Baada ya siku kadhaa, au wiki, panaota kinyama kinachoning'inia kwenye valvu na kurushwa huku na huku kwa kila pigo la moyo. Nimekiona mara nyingi kwenye kipimo cha eko. Kikizidi urefu wa milimita 10, madaktari huanza kuongea kwa sauti ya chini.

Hapa kwetu kovu hilo chanzo chake kikubwa ni homa ya baridi yabisi. Mtoto wa shule anaumwa koo, mafindofindo ya kawaida, lakini bakteria ni wa jamii ya streptokoki na hapati dawa inayofaa. Wiki chache baadaye magoti yanavimba, yanapona, watu wanasahau. Kumbe kinga ya mwili iliyoamshwa na lile koo imeugeukia moyo wake mwenyewe, na kila koo jingine la namna ile linaongeza kovu. Duniani kuna watu zaidi ya milioni 40 wanaoishi na valvu zilizoharibiwa hivyo, wengi wao katika nchi kama zetu, na wengi hawajijui. Katika nchi tajiri mgonjwa wa kawaida ni mzee mwenye valvu bandia au kifaa cha umeme wa moyo kilichopandikizwa kifuani. Na usidhani mwenye valvu nzima yuko salama kabisa, kwa maana yupo bakteria aitwaye stafilokoki, yule wa majipu, anayeweza kuivamia hata valvu isiyo na kovu na kuitoboa ndani ya siku chache.

Kila mwaka huwasimulia wanafunzi wa uuguzi habari za Gustav Mahler, mtunzi wa muziki wa Austria. Mwaka 1907 aliambiwa valvu yake ina kasoro. Februari 1911, akiwa New York, koo lilimuuma na homa ikapanda, naye akaongoza okestra katika onyesho lake la mwisho akiwa na homa hiyo hiyo. Daktari Emanuel Libman wa Hospitali ya Mount Sinai alishuku valvu, damu ikachukuliwa ikaoteshwa maabara, na streptokoki wakaota. Jibu lilipatikana. Dawa haikuwapo, maana Alexander Fleming alikuja kuigundua penisilini mwaka 1928, na wagonjwa hawakuanza kuipata hadi miaka ya 1940. Mahler alisafirishwa hadi Paris, kisha Vienna, akafia huko tarehe 18 Mei 1911 akiwa na umri wa miaka 50. Wanafunzi hushangaa kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita watu waliweza kumtambua mdudu kutoka kwenye damu. Mimi kinachonichoma ni kwamba leo dawa tunayo, lakini jibu tunalifuta wenyewe kabla halijasomwa. Nitarudi hapo.

Kwanza nieleze jinsi moyo unavyoumiza viungo vingine, kwa sababu ndugu wa mgonjwa huniuliza jambo hili kuliko lolote.

Yule aliyelegea mkono alikuwa dada mshonaji, hajafika miaka 30. Shangazi yake ndiye aliyemleta. Ndugu walikuwa wameshagawanyika: wengine wanasema presha, wengine wanasema amepigwa na upepo mbaya. Nilipokuwa nampokea nilimuuliza shangazi, "Mama, kabla mkono haujalegea, alikuwa na homa?"

"Homa, sista? Homa haijamwacha tangu mwezi wa Ramadhani. Tumemtibu malaria mara mbili, tukatibu na yutiai. Anapata nafuu siku tatu, inarudi."

Hiyo ndiyo historia ya ugonjwa huu, karibu neno kwa neno, na nimeisikia kwa lafudhi za mikoa yote. Kilichompata ni kwamba kipande cha kile kinyama kilimeguka kutoka valvu ya upande wa kushoto wa moyo, kikapanda na damu shingoni, kikaziba mshipa wa ubongo. Kati ya wagonjwa 100 wa ugonjwa huu, kama 15 hadi 30 hupata tatizo la ubongo linaloonekana kwa macho: kupooza, kupoteza usemi, degedege, kuchanganyikiwa. Na kiharusi hiki si sawa na kile cha presha, hata kama mdomo umepinda vilevile. Kipande kilichoziba kina bakteria hai. Kinaweza kugeuka jipu ndani ya ubongo. Kinaweza kuula ukuta wa mshipa hadi utune na kupasuka, pengine wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshaanza kutembea. Kwa sababu hiyo, dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, ambazo humfaa mgonjwa wa kiharusi cha kawaida akiwahi, kwa huyu ni hatari, maana zinaweza kumfanya avuje damu ubongoni. Daktari wa zamu aliyeelezwa habari za mkono tu, asielezwe homa ya wiki sita, hana namna ya kujua ana mgonjwa wa aina gani mbele yake. Kwa hiyo kijana akipooza, itajeni homa, hata kama hamkuulizwa.

Figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayotoka moyoni, kwa hiyo si ajabu zikaumia. Wakati mwingine ni kipande kilichokwama, mgonjwa anashika kiuno kwa maumivu ya ghafla. Mara nyingine ni vita vya kinga: mabaki ya mapambano yanaziba vichujio vya figo, mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi, uso unavimba asubuhi. Na mara nyingine, nalisema hili kwa uchungu, ni sisi. Jentamisini, mojawapo ya dawa tunazolazimika kuzitumia, inaweza kuziumiza figo zenyewe. Ndiyo maana tunapima mkojo kwa chupa yenye alama na kurudia vipimo vya damu kila siku chache, na ndugu akimwaga mkojo bila kuniambia nagomba.

Wengu, au bandama, huuma upande wa kushoto chini ya mbavu na maumivu hupanda hadi begani. Likipata jipu, homa haishuki hata dawa zikiwa sahihi. Pingili za uti wa mgongo nazo hushikwa. Ndiyo habari ya yule makenika, ambaye mgongo wake ulikuwa unaliwa na bakteria walewale waliokuwa kwenye valvu yake.

Upande wa kulia wa moyo una hadithi yake. Damu ya huko huenda mapafuni, kwa hiyo vipande vinavyomeguka hutua mapafuni, na mgonjwa anakohoa, kifua kinachoma, anatema damu. Wengi hupelekwa kwanza kupimwa kifua kikuu. Hapa mjini huwaona zaidi vijana wanaojidunga heroini, kwa kuwa sindano chafu hupeleka bakteria moja kwa moja kwenye mshipa. Tangu mwaka 2011 Muhimbili ina kliniki ya methadoni, na kijana anayekunywa methadoni yake kila siku hana haja ya sindano. Naomba ndugu wasiwafiche vijana hawa wanapougua homa. Wanafichwa kwa aibu, na tukiletewa mapafu yameshajaa vijipu.

Lakini kinachoua wengi zaidi ni moyo wenyewe kushindwa kazi. Valvu inatoboka, au nyuzi zinazoishikilia zinakatika, na damu iliyopaswa kwenda mbele inarudi mapafuni. Ukiingia wodini usiku utawajua hao bila kuangalia faili: wamekaa kitandani, miguu inaning'inia, mikono imeegemea meza ya chakula, kwa kuwa wakilala chali wanazama ndani ya maji yao wenyewe. Hili linaweza kutokea kwa saa chache kwa mtu aliyekula chakula cha mchana akicheka. Pia maambukizi yanaweza kuchimba jipu pembeni mwa valvu, mahali zinapopita njia za umeme wa moyo. Ndiyo sababu ya kufanya kipimo cha umeme wa moyo mara kwa mara hata kwa mgonjwa anayeonekana mzima. Niliwahi kushika mkono wa baba mmoja asubuhi nikahesabu mapigo 38 kwa dakika, wakati jana yake yalikuwa 90. Hakuwa na malalamiko yoyote zaidi ya uchovu. Siku ileile aliwekewa waya wa kuusaidia moyo kupiga, akapelekwa kwenye upasuaji.

Vitabu vinatufundisha kutafuta dalili mikononi: michirizi midogo ya damu chini ya kucha, vinundu vinavyouma kwenye ncha za vidole, madoa mekundu yasiyouma kwenye viganja na nyayo. Michoro ya vitabu hivyo ni ya ngozi nyeupe. Kwa ngozi zetu madoa hujificha, kucha za watu wengi weusi zina mistari ya asili ya kahawia, na mkulima au fundi ana michubuko ya kila aina. Kisha kuna hina. Mwanamke wa Pwani aliyetoka harusini ana hina vidoleni na nyayoni, na huwezi kuona chochote. Nimejizoeza kufunua ukope wa chini na kutazama ndani yake kwa tochi, kwa kuwa matone madogo ya damu huonekana pale kwa mtu wa rangi yoyote.

Sasa nirudi kwenye damu. Kumtambua bakteria kunataka damu iingizwe kwenye chupa maalumu zenye chakula cha vijidudu, iachwe kwenye joto maabara, isubiriwe iote. Tunachukua mara tatu, kila mara kwa kuchoma mahali papya, kwa sababu bakteria mmoja wa ngozini akiingia kwenye chupa moja anaweza kutupoteza, lakini yuleyule akiota kwenye zote tatu hana pa kujificha. Ndugu hulalamika: "Sista, mnammaliza mtoto damu." Huwaonyesha kwamba jumla yake kwa mtu mzima ni kama kikombe cha kahawa, kile kidogo cha kijiweni. Jibu linatuambia dawa ipi, kwa kipimo gani, kwa wiki ngapi. Bila jibu tunapiga gizani kwa dawa kali mbili au tatu pamoja, figo zikilipa gharama.

Na mara nyingi mno chupa hazioti kitu. Bakteria yupo, tunamwona kwenye eko akining'inia, ila mgonjwa ameshameza amoksisilini ya duka la dawa siku tano, akaacha alipopata nafuu, akameza azithromaisini wiki mbili baadaye, akachomwa sindano za seftriaksoni mtaani. Dozi hizo zinatosha kumpumbaza mdudu asiote kwenye chupa, na hazitoshi hata kidogo kumtoa kwenye valvu. Wakati huo wote kinyama kinaendelea kukua na kumeguka. Simlaumu mama aliyenunua dawa. Anaishi mbali na hospitali, foleni ni ndefu, na kidonge kiko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Lakini wenye maduka ya dawa na wenzangu wa zahanati nawaambia waziwazi: homa iliyorudi mara ya pili baada ya dawa, kwa mtu aliyewahi kuambiwa ana tatizo la moyo, au anayehema akipanda ngazi angali kijana, isipewe antibayotiki ya tatu. Apewe rufaa, damu ichukuliwe kwanza. Hospitalini, mgonjwa akiwa mahututi, kuchukua damu hakucheleweshi matibabu. Chupa hujazwa kwa dakika chache na dawa inaanza papo hapo bila kusubiri jibu.

Natamani pia serikali iangalie chupa zenyewe. Hospitali ya wilaya yenye daktari mzuri lakini isiyo na chupa za kuotesha damu inamlazimisha daktari huyo kukisia.

Matibabu ni ya mshipani, wiki nne hadi sita. Watu hawaamini wanapoambiwa. Penisilini hutolewa kila baada ya saa nne, saa mbili usiku, saa sita, saa kumi alfajiri, na anayeamshwa saa hizo mwezi mzima anamchukia muuguzi, naelewa. Mishipa ya mikono inavimba, tunahamisha kanula kutoka mkono huu hadi ule. Homa kwa kawaida inashuka ndani ya wiki ya kwanza, na hapo ndipo vita yangu inapoanza, kwa sababu anajisikia mzima, ana watoto nyumbani, kibanda kimefungwa, na kila siku ya kitanda ni gharama. Ninachomweleza ni hiki: ndani ya kile kinyama bakteria wamejibana, wamepunguza kazi zao, na dawa inawafikia polepole, ukiondoka wiki ya pili waliobaki watajaza valvu upya. Namweleza na habari njema, kwamba hatari ya vipande kumeguka hupungua haraka ndani ya wiki mbili za dawa sahihi. Kila sindano ya saa kumi alfajiri inaulinda ubongo wake.

Kwa wengine dawa hazitoshi. Moyo unapozidiwa, jipu linapochimba, au kinyama kikubwa kinapoendelea kurusha vipande, valvu hutengenezwa au kubadilishwa, hata kabla dozi haijaisha. Katika nchi tajiri karibu nusu ya wagonjwa hufanyiwa upasuaji. Hapa nchini Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, imewafungulia wengi mlango ambao zamani ulikuwa India. Hata hivyo kusubiri kupo, gharama zipo, na mwanamke kijana akiwekewa valvu ya chuma atameza warfarini maisha yake yote, dawa inayoweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo hapaswi kushika mimba kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na hata penye kila kifaa, kati ya wagonjwa watano wa ugonjwa huu mmoja hufia hospitalini, au zaidi. Wale tunaowapoteza sisi wengi wao ni wa umri wa kuzaa na kulea.

Yule dada mshonaji alimaliza wiki zake sita. Mkono umerudi kiasi: anashika mkasi, sindano ya mkono bado inamtoka. Kabla hajaondoka nilikaa naye na shangazi yake, kama ninavyokaa na kila anayeruhusiwa, tukaandika kwenye kadi ya kliniki kwa Kiswahili cha wazi kwamba amewahi kupata maambukizi ya valvu, ili mhudumu yeyote asome. Sindano ya penisilini ya kuzuia baridi yabisi achomwe kila wiki nne bila kuruka. Mswaki mara mbili kwa siku, na fizi zikivuja aende kwa daktari wa meno mapema. Siku ya kung'oa jino aonyeshe kadi kwanza, kwa kuwa mtu aliyewahi kuugua hivi, sawa na mwenye valvu bandia, hupewa dozi moja ya antibayotiki nusu saa hadi saa moja kabla. Mwenye kovu la baridi yabisi peke yake amuulize daktari wake wa moyo, maana miongozo ya nchi hutofautiana.

Shangazi akauliza, "Na homa ikija tena, sista, hata ya siku moja?"

Nikamwambia aje na kadi, na asimeze kitu zaidi ya panadoli.

"Hata tukishuku malaria?"

"Apimwe malaria, mama. Na damu ya kuotesha ichukuliwe siku hiyohiyo."